Udongo Kwenye Jina la Gatimu

Jumatatu, 1 Novemba 1954

Ukungu tena. Lindo la mlangoni mwa kijiji. Miguu yangu haijapata joto tangu nihamishiwe huku Gakindu. Wanawake wametoka kwenda kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, homugadi, wale walinzi wenyeji wa serikali, nyuma yao na mikuki. Nimekagua vipande vyao vya utambulisho mpaka macho yameuma.

Cucu Wangeci, nyanya wa Kikuyu, amepita. Kama kawaida amesimama mbele ya jiwe la majina ya waliokufa vitani, hapo karibu na mlango, akaweka ugoro kidogo juu ya jani. Ni wa mumewe, Gatimu wa Njogu, mpagazi aliyepelekwa Tanganyika vita vya kwanza vya Mjerumani. Hakurudi. Jina lake ndilo la juu kabisa. Chini yake wapagazi wengine, kisha vijana wa keya, askari wa jeshi la Mwingereza, waliofia Burma. Bibi huyu hana kaburi la kwenda. Ana jiwe. Mimi hutazama pembeni mpaka amalize.

Jumatano, 3 Novemba

Mambo yameharibika. Homugadi mmoja ameokota ule ugoro, akaupeleka kwa afisa mpya, kijana wa Kizungu ambaye hata njia za hapa hajazijua. Ati wanakijiji wanawaachia wapiganaji wa msituni tumbaku. Afisa amekuja, amesoma jiwe, uso ukawa mwekundu. Gatimu wa Njogu anatafutwa! Picha yake iko ukutani pale kituoni.

Huyo wa picha ni mjukuu. Wakikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu yake. Gatimu alimzaa Njogu, Njogu akamzaa Gatimu. Jina linarudi zima. Hata mimi Mnyore nimeshalijua hilo. Sajini Mutua, Mkamba mwenye subira zake, alieleza vizuri na kwa heshima. Afisa akasema hatapiga saluti mbele ya jina la gaidi. Jumapili ya tarehe 14 kuna sala ya waliokufa vitani, na mkubwa wake anatoka Nyeri. Jina litoke kabla ya hapo.

Nina hasira. Wa kumwambia sina.

Ijumaa, 5 Novemba

Cucu amehojiwa mchana kutwa. Mjukuu yuko wapi, nani anampelekea chakula. Hajui, au hasemi. Ametoka akichechemea. Sasa amekatazwa kulikaribia jiwe. Akionekana hapo, kizuizini moja kwa moja.

Fundi mawe wa kijiji naye yuko kizuizini. Kwa hiyo Sajini amenichagua mimi. Ati sisi Wanyore tumezaliwa juu ya mawe. Nilijaribu kukataa.

"Konstebo," akaniambia, "hiyo jina itoke, ama wewe utoke."

Alisema polepole. Naye anaogopa.

Jumamosi, 6 Novemba

Nimepewa tindo na nyundo. Nimepiga magoti, nikaweka ncha ya tindo kwenye herufi ya kwanza. Mkono ukagoma.

Baba yangu naye alikuwa mpagazi. Alichukuliwa nikiwa bado mgongoni kwa mama. Hakurudi. Kwetu hakuna jiwe wala jina. Mama amekufa hajui amlilie wapi.

Nimegonga mwamba wa kando ili mlio usikike. Halafu nimechota udongo wa mfinyanzi pale handakini, nikauchanganya na jivu, nikajaza herufi moja moja na kulainisha kwa kidole gumba. Ukikauka unakuwa na rangi ya jiwe lenyewe. Cucu alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake, ananitazama.

Nimefanya ujinga. Nikikamatwa ni jela, na watoto wangu kule nyumbani watakula nini?

Jumatatu, 8 Novemba

Afisa amekagua akiwa ndani ya gari. Hata hakushuka. Kasema kazi nzuri.

Alhamisi, 11 Novemba

Mawingu upande wa mlima. Nimeligusa jiwe nikijifanya kufuta vumbi. Udongo bado unashika. Sajini alikuwa ananitazama. Nadhani anajua. Hajauliza, na mimi simpi nafasi ya kuuliza.

Jumamosi, 13 Novemba

Mvua. Imenyesha tangu asubuhi, nami nikiwa doria bondeni, nisiweze kufanya lolote. Nimerudi jioni nimelowa chapachapa. Nusu ya jina iko nje, herufi safi kama zimechongwa jana. Homugadi wamejikinga mvua hapo hapo mlangoni, hawaondoki. Siwezi kupaka udongo mbele ya macho yao.

Kesho alfajiri lindo ni la Sajini mwenyewe. Mimi nimepangiwa gwaride. Nimekwisha.

Jumapili, 14 Novemba

Jiwe lilikuwa limefunikwa bendera. Tumepanga mstari, mkubwa kutoka Nyeri amefika, mchungaji ameomba. Afisa akavuta bendera. Nilifumba macho.

Nilipofumbua, juu ya jiwe palikuwa patupu. Udongo mbichi, umejazwa vizuri mpaka pembeni, kwa vidole vyembamba kuliko vyangu. Mkubwa akasoma majina, akaanzia la pili. Tarumbeta ikalia. Tukapiga saluti.

Baada ya sala nikawekwa mlangoni kukagua vipande. Cucu akanyoosha mkono kutoka ndani ya blanketi. Kucha zimejaa udongo wa kijivu. Amelishika jiwe alilokatazwa kulikaribia, na jina la mume wake amelifukia kwa mkono wake mwenyewe. Sajini kwenye lindo la alfajiri ati hakuona kitu.

Nilimuuliza kwa sauti ya chini, kwa nini.

"Wewe uko na watoto," akasema. "Mume wangu atangoja."

Nikamrudishia kipande. Sikuweza kumtazama usoni. Nimelia leo, nyuma ya stoo, mtu mzima mimi.

Ijumaa, 19 Novemba

Lindo la mlangoni. Manyunyu. Afisa hajaligeukia jiwe tangu siku ile. Mkubwa amekwenda na hamu imekwenda naye. Udongo unatoka kidogo kidogo. Leo jina lote linasomeka.

Cucu amepita kwenda handakini na jembe. Hakusimama, bado amekatazwa. Alipofika mbali kidogo nilitoa ugoro niliokuwa nimeununua sokoni. Nikaweka kiasi cha Gatimu juu ya jani. Kando yake nikaweka wa baba. Kisha nimeupuliza wote, usibaki wa kuokotwa, nikarudi mlangoni kukagua vipande.