Mapendo Havuki Ziwa

Mama,

Mdogo wako amerudi Pweto, ng'ambo ya ziwa, jana asubuhi kwa mtumbwi wa mashine, mikono mitupu. Mapendo yuko hapa Kabuta, amelala kwenye kitenge chako cha bluu. Nakuandikia hilo kwanza kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Siku uliyotuacha alikuwa na siku nne. Ulimzaa, ukampa jina, homa ikakushika, basi. Wanawake wa kanisa walipokezana kumlea wiki mbili, kisha kila mmoja akarudi kwa watoto wake, na hiyo ni haki yao. Papa akarudi ufukweni kuanika chisense, maana bila vile visamaki hakuna maziwa ya kopo. Mchana, nikiwa shuleni, Mama Sifa wa jirani anamshika. Nikirudi, ni mimi. Unanijua, Mama. Mimi ambaye nikiitwa ubaoni natafuta mahali pa kuficha mikono.

Alilia. Kila siku jua likianza kushuka, magoti tumboni, uso umekunjwa kama ngumi.

Siku ya kupima watoto nilikaa kwenye benchi la kliniki na akina mama, mwanaume peke yangu. Sista alikuwa anawafundisha kumkanda mtoto taratibu ili atulie na akuzoee. Nikatoa daftari langu la biolojia, nikaandika. Mmoja akacheka, akidhani ni kazi ya shule: "Shule njo imekutuma, ao?" Sista hakucheka. Sugua viganja mpaka vipate joto, alisema, vifungue mbele ya macho ya mtoto, umuulize. Akikuangalia na kulegea, amekubali. Akigeuza uso na kukaza miguu, amekataa, uache. Miguu, kutoka paja hadi unyayo. Tumbo, kwa kiganja, kuzunguka kama mshale wa saa. Utosi usiuguse.

Mara ya kwanza nilimuumiza. Nilikuwa nimetoka kumsaidia Papa kugeuza samaki, nikanawa haraka haraka kwa maji ya ziwa. Magamba makavu yalikuwa yamenata kati ya vidole vyangu, yakamchora pajani mstari mwembamba. Nililia kuliko yeye. Tangu hapo nanawa kwa sabuni mara tatu, mpaka ndani ya kucha. Papa ananiambia nitamaliza sabuni ya nyumba nzima. Iishe.

Sasa akiona viganja vyangu anarusha miguu. Kuna sauti moja anaitoa ambayo sijui niiandike vipi. Wewe ndiye uliyestahili kuisikia, Mama, si mimi, na kuna siku nakukasirikia kwa hilo. Ulizoea kuniambia, "Toa macho mu kitabu, angalia bantu." Haya. Naangalia. Mbona hupo?

Vijana wanaobeba samaki kwa baiskeli wananiita mama kwa Kibemba: "Bamayo, umwana alelila!" Mtoto analia, eti. Zamani nilikuwa napita nyuma ya nyumba. Siku hizi napita katikati ya barabara, yeye mgongoni, ndani ya kitenge chako cha bluu chenye maua.

Ndipo mdogo wako, Mama mudogo, akaja na chupa ya mafuta ya ngazi, yale mawese, na begi tupu. Jumamosi, tukiwa tumemaliza kula, akasema mbele ya Papa na wazee wa kanisa: "Mutoto mwanamuke anakomaa mu mikono ya mwanamuke. Naenda naye." Papa akaangalia chini. Mama mudogo akamlaza Mapendo mapajani, akammwagia mafuta, akaanza kumnyoosha kama bibi zetu walivyofanya: mkono huku, mguu kule, kwa nguvu. Mimi na wewe tulinyooshwa hivyo, siwatukani. Lakini Mapendo alipiga kelele mpaka pumzi ikamkatika.

Nikamwomba anipe, nikamlaza mapajani. Nikapasha viganja joto, nikavifungua. Mapendo akageuza uso, akakaza miguu.

Watu wote walikuwa wananitazama, Mama. Nilitaka sana anyamaze mikononi mwangu ili waone. Nikaacha. Nikamfunika, nikamshika tu, akiendelea kulia.

"Munaona?" Mama mudogo akacheka. "Njo fundi wenu huyu! Ameshindwa!"

"Sijashindwa. Nimemuuliza, amekataa."

"Tangu lini mutoto banamuombaka ruhusa?"

"Tangu akae na mimi." Sijui sauti ile ilitoka wapi. "Hapa kila mtu anasema juu yake. Mimi ndiye ninayejua akisema hapana. Haendi."

Papa akainua kichwa. "Mumesikia," akasema. "Haendi."

Mama mudogo aliondoka bila kuaga. Alimwambia Mama Sifa kwamba msimu wa uvuvi ukifungwa atarudi kumpima Mapendo kwa mikono yake, na kama amekonda atamchukua, hata nikipiga kelele.

Na aje.

Sikuahidi kwamba nitakuwa wewe. Siwezi, na siku moja Mapendo ataniuliza juu yako, nami sitakuwa na jibu la kutosha. Ninachokuahidi ni hiki: shule sitaiacha, na yeye sitamwacha. Wakisema nichague, nitawaambia wachague wao. Na hakuna mkono utakaomlazimisha, hata wangu.

Pumzika, Mama. Mama mudogo atamkuta hapa, na atamkuta mnene.

Mwanao,
Elie