Nusu ya Juu ya Shamba la Karanga

Jumamosi, 6 Aprili

Palizi ya kwanza. Nimetoka nyumbani Sokon I saa kumi na mbili, nimefika shamba la chini la Baba saa mbili kasoro. Umande hadi magotini. Karanga zimeota vizuri, mistari imenyooka kama pindo nililopiga mwenyewe. Magugu nayo yameota vizuri, hayajabaguliwa. Ndago kila mahali. Mbegu za kishona nguo zimenasa sketi yote, kana kwamba kazi ya cherehani hainitoshi.

Nimepiga jembe mpaka saa saba. Mgongo umegoma.

Bibi shamba wa kata amepita na pikipiki yake. Binti mdogo, mdomo mkali. Amesema sasa piga jembe unavyotaka, ila maua yakitoka jembe libaki nyumbani. Ua la karanga likinyauka linashusha kitu chembamba kama sindano, kinaingia ardhini, na karanga inakaa kwenye ncha yake. Ukikata sindano umekata karanga. Kuanzia hapo ni kung'olea kwa mkono tu. Nimemwambia mambo ya sindano aniachie mimi fundi. Tumecheka.

Jumapili, 14 Aprili

Ibada, kisha nyumbani kwa Baba huko juu. Ndizi nyama. Elibariki alikuwepo, mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Hakuanza hata kula, akaleta habari ya viwanja. Kwamba watu wa mjini wanatafuta pa kujenga, na shamba la chini liko karibu na barabara, likatwe.

Baba alitafuna mpaka akamaliza. Akasema hagawi kwa maneno. "Shamba lenye mwenyewe linajulikana kwa magugu. Nitashuka nilione. Na siku ya kuvuna nitang'oa shina la kwanza kwa mkono wangu, ndipo niseme."

Hivyo ndivyo Babu alivyomfanyia Baba. Anayegawa shamba hung'oa shina la kwanza, anatazama, anasema ni la nani. Akishasema, imekwisha.

Kihamba cha juu, shamba la nyumbani lenye kahawa na migomba, ni cha Elibariki. Ndiyo haki ya kitinda mimba, sina neno. Lakini mimi? Miaka arobaini na minane, sikuolewa, chumba cha kupanga. Kwetu mtu huzikwa kwenye ardhi yake; nikifa watanizika wapi? Kwenye kihamba cha mke wa Elibariki, ambaye hata kiti hunipa kwa kukisukuma kwa mguu? Hilo sikulisema mezani. Sijawahi kumwambia mtu. Naliandika hapa tu.

Naogopa.

Jumamosi, 20 Aprili

Maua ya njano yametoka. Nimesimama kuyatazama kama mgeni. Jembe nimeliegemeza ukutani nyumbani, kama nilivyoagizwa.

Mvua imenirudisha kabla ya saa nne.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua siku sita. Sijashuka. Na kwaya wanataka sare zao kabla ya Pentekoste, gauni ishirini na mbili, mabega ya kila mmoja na vituko vyake. Nashona nikiwaza ndago. Nimeshona mkono wa kushoto mahali pa wa kulia. Nimefumua.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Nimeshuka. Bora nisingeshuka.

Magugu yamefika gotini. Karanga huzioni mpaka uinamishe majani. Hilo lingenitosha. Lakini kuna vigingi vinne, ncha zimepakwa rangi nyekundu. Mtu amepima viwanja. Nimevitazama muda mrefu. Sikuving'oa. Niliogopa kuvigusa, kama vile vyenyewe vina macho.

Nimeng'olea kwa mkono mistari miwili. Siku nzima. Miwili.

Alhamisi, 9 Mei

Baba amempigia Mama Neema, jirani yangu wa meza ya pili ya cherehani hapa sokoni Kwa Mrombo, kwa sababu simu yangu haikuwa na chaji. Anashuka keshokutwa, Jumamosi. Anakuja na Elibariki.

Kesho nafunga meza nishuke.

Ijumaa, 10 Mei

Niandike yote, nisijifiche.

Nimefunga meza. Mama Neema amefunga yake, tumeshuka pamoja. Anatoka huko huko juu kwenye kahawa kama mimi. Sisi tumelelewa na jembe. Shamba safi ni udongo mtupu katikati ya mimea, mtu akipita barabarani aseme hapa pana mtu. Tumeanza kwa mkono, upande wa juu. Saa tatu tulikuwa bado mstari wa kwanza. Nikatazama shamba lote, nikaona vigingi, nikamwona Baba kichwani mwangu, mikono nyuma, akitikisa kichwa.

Nikaenda kuazima majembe mawili kwa jirani.

Nilijua. Sitasema sikujua. Niliambiwa na yule binti, nikacheka naye.

Tulikwenda kwa kasi. Nusu ya juu ikabaki udongo mweusi, safi, inapendeza kweli. Saa saba nikainama kutoa jiwe. Nikaona vitu vyeupe vimetapakaa kwenye udongo. Vyembamba. Ncha zimeanza kuvimba, ukubwa wa punje ya dengu. Nikageuza udongo kwa kidole. Vingine. Vingine tena.

Nikakaa chini palepale.

"Ndeshi, umejikata?" akauliza Mama Neema.

"Nimezikata."

Mama Neema hakuelewa. Nilipomweleza akaweka jembe chini polepole, kama vile lilikuwa la moto. Akasema, "Uwii, dada, na mimi nimezikata nyingi kuliko wewe, nina nguvu." Hakuna aliyecheka.

Nusu ya chini hatukuigusa. Imebaki pori.

Jumamosi, 11 Mei

Wamekuja. Shikamoo, marahaba. Baba ana fimbo sasa.

Amesimama nusu ya juu. Akaipenda. Akasema, "Hapa nimemwona mama yako." Mama alikuwa hodari wa jembe. Kisha akatazama nusu ya chini, akayasukuma magugu kwa fimbo. Elibariki alikuwa na la kusema. Akasema, "Dada amechoka, Baba. Huku ni malisho ya mbuzi."

Nilipaswa kusema pale pale. Nimesifiwa kwa kitu nilichokiua, nikaitikia "asante, Baba." Najidharau leo.

Jumatano, 22 Mei

Nashuka kila Jumatano na Jumamosi. Nusu ya chini, kwa mkono, magoti chini, mstari kwa mstari. Unashika shina la karanga kwa mkono mmoja lisinyanyuke, unavuta gugu kwa mwingine. Ndago inakatika, inaacha kiazi chake chini, wiki ijayo inakucheka. Narudia.

Vidole vimepasuka. Mteja mmoja ameniuliza kama nimeungua. Uzi wa hariri unakwama kwenye ngozi yangu.

Nusu ya juu siendi. Majani yake ni ya kijani kuliko ya chini. Ukiyaona utasema ndizo karanga zenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemaliza nusu ya chini yote. Si safi. Ni nafuu.

Nimeinama kwenye shina moja la juu, nikataka kufukua nione. Nikarudisha mkono. Sitaki kujua kabla ya Baba.

Vigingi sasa ni sita.

Jumanne, 2 Julai

Majani yameanza madoa. Jumamosi tunavuna. Baba ameshaagiza magunia.

Nimepata hila. Nimwelekeze nusu ya chini. Nimwambie njia ya juu ina siafu, aanzie chini, ang'oe huko, aseme neno lake, imekwisha. Nimejizoeza kwenye cherehani: "Baba, pita huku." Nimesema mpaka Mama Neema akauliza naongea na nani.

Nikifaulu, shamba ni langu kwa uongo. Nisipofaulu, sina pa kuzikwa. Usingizi sina, hamu ya kula sina. Naogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

Jumamosi, 6 Julai

Baba alisimama katikati, pale nusu mbili zinapokutana. Alivua kofia. Aliomba kwa Kimeru, kwa ufupi. Kisha akanigeukia mimi, si Elibariki.

"Ning'oe wapi?"

Nilikuwa na maneno tayari. Siafu, pita huku. Mdomo ukafunguka.

"Popote, Baba. Lakini huku juu nilizikata kwa jembe. Niliambiwa nisilime, nikalima. Nilikuwa nakuogopa wewe."

Elibariki akasema, "Ameua nusu shamba mwenyewe, umesikia?" Baba akamnyooshea fimbo kidogo, anyamaze.

Akang'oa la juu. Karanga tatu. Akaminya, mbili mapepe. Akatembea hadi chini, akipapasa kwa fimbo, akang'oa la huko. Sikutazama. Nilisikia udongo ukidondoka. Nilipotazama, shinani zilikuwa zimening'inia karanga nzito, na ndago moja imekwama katikati ya mizizi. Akachambua moja, akaila mbichi. Akayaweka mashina yote mawili kwenye mfuko wa koti, la juu na la chini.

Akapanda njia, akaondoka. Hakusema ni la nani.

Tumevuna mpaka jioni. Sikumbuki ni magunia mangapi. Mikono ilifanya kazi yenyewe.

Jumatano, 10 Julai

Hakuna habari. Simu ina chaji, naiweka karibu na cherehani, sauti juu kabisa. Elibariki amepita Kwa Mrombo, hakunisalimia. Sijui hiyo ni dalili ya nini. Hofu inanifanya nisome hata nyuso.

Jumamosi, 13 Julai

Baba amekuja shambani. Peke yake, na kiroba cha matawi ya isale, yale tunayopanda mpakani. Mzee akikupandia isale, pamekuwa pako, hakuna wa kuling'oa. Vigingi alikuwa ameshaving'oa, amevirundika kando. Amesema vitafaa kupikia.

Ameanzia kona ya juu, kwenye nusu niliyoiharibu. Nilishika matawi, yeye alichimba kwa panga. Mara moja tu alisema, "Mwakani usiniogope mimi. Ogopa ndago."

Tumezunguka shamba lote. Kona ya mwisho, karibu na mti wa mringaringa, alipima hatua kadhaa kwa miguu yake, akachora mstari kwa fimbo, urefu wa mtu aliyelala.

"Hapa usipande kitu. Paache."

Hakusema kwa nini. Nimeelewa.

Kona ile imejaa ndago. Jumatano nitashuka kuing'olea. Kwa mkono.