Niliing'oa Taa Nyekundu ya Gari la Mke Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla wivu haujanifanya kichekesho mbele ya watoto, maana mimi ni mwalimu wa hesabu, mtu mzima wa miaka arobaini na saba, na sasa namwonea wivu fundi umeme wa magari. Mke wangu alirithi gari la marehemu baba yake, la zamani lile la vioo vya kuzungusha kwa mkono, analipenda mpaka analifuta kwa taulo za wageni, na miezi mitatu iliyopita taa nyekundu ya chaji ikaanza kuwaka kwenye dashibodi, akamwita fundi mmoja wanamwita Shoti, akaja akakaza mkanda wa altaneta, kile kifaa kinachochaji betri, kazi ya dakika kumi, lakini alikaa saa mbili, chai vikombe vitatu, wanacheka, mke wangu anamsimulia jinsi baba yake alivyokuwa akiliendesha, habari ambazo mimi nimezisikia mara mia, na huyo fundi anamwita dada na mimi shemeji, undugu wa lini huo? Akiondoka akamwambia, "Dada, ukiona hiyo taa imewaka tu, usingoje, nipigie." Maneno hayo yalinichoma, na kesho yake nikafungua dashibodi nikaing'oa balbu yenyewe, nikaitia mfuko wa koti, nikajisemea taa isipowaka hakuna wa kupigiwa simu.

Tangu siku ile kila baada ya siku tatu betri imekufa na Shoti haondoki uani kwetu, amebadilisha betri, ameipeleka altaneta karakana kwake ikazungushwa ikatoa umeme safi, akairudisha, haichaji, na kila akiinama kwenye boneti ananiuliza, "Shemeji, ukifungua swichi, taa nyekundu inawaka?" nami kwenye usukani najibu, "Inawaka vizuri," asije akagundua. Juzi mke wangu alilia, akasema amechoka, Jumamosi atamuuzia Shoti gari la baba, na Shoti ndiye aliyempa kitambaa cha kufutia machozi, mimi nimesimama pale kama mpita njia. Je, nimfukuze huyu fundi?

Shemeji wa Watu

Mwalimu,

Pole, lakini utafukuza wangapi? Kikulacho ki nguoni mwako, na chako kimo kwenye mfuko wa koti. Nimemuuliza fundi wangu, akacheka mpaka akaweka spana chini. Kwenye gari la zamani kama hilo, umeme kidogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta. Ukiing'oa, altaneta inazunguka bure na betri inakufa. Shoti alikuwa kwenye njia sahihi tangu mwanzo, ila alimwamini shemeji yake. Ulitaka asije, na wewe ndiye uliyemwita kila wiki.

Najua wivu unauma, sikucheki. Ila katika barua yako yote sikuona kosa la mkeo isipokuwa kumsimulia mtu habari za baba yake. Wewe ulishachoka kuzisikia. Na mwanamume anayemwita mkeo dada mbele yako amekupa heshima, usiitafutie tafsiri.

Sasa fanya hivi, kabla ya Jumamosi. Rudisha balbu. Fungua swichi, taa iwake; washa injini, taa izimike; halafu Shoti apime betri kwa mita, injini ikiunguruma isome kama volti kumi na nne. Lakini usiirudishe kimyakimya ukajifanya umelitibu gari. Kwanza mwekee mkeo balbu hiyo mkononi, umwambie ulipoitoa na kwa nini. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki. Shoti naye muombe radhi, na siku hiyo chai chemsha wewe.

Gari likipona, kaa kiti cha abiria, mkeo aendeshe. Ataanza tena habari za baba yake, mara ya mia na moja. Funga mdomo umsikilize.