Ndiyo Yangu kwa Dawa ya Puani

Maman Hadija, rafiki yangu,

Leo nakujibu. Ulinisemesha siku zote zile tulipolala vitanda jirani hospitalini, kila mmoja na kiharusi chake, na mimi mdomoni nilibakiwa na neno moja tu: ndiyo. Umelala vizuri? Ndiyo. Una njaa? Ndiyo. Wewe ni mbuzi? Ndiyo! Ulicheka mpaka binti yako akaja kukushika usianguke. Nilitaka kukutukana, lakini hata tusi lingetoka ndiyo.

Maneno ya kuandika yamenirudia majuzi tu; naandika kwa mkono wa kushoto, polepole, mvua ikija kutoka upande wa Bukavu. Neno likinipotea naliacha, naangalia ziwa, linarudi lenyewe.

Asubuhi ulikuwa unanipa ndoto zako kabla ya uji. Bonde lote la Bugarama limejaa maji, unatembea katikati ya mpunga na miguu yote miwili mizima, harufu ya mchele mpya inakuingia puani mpaka kichwani. "Nikinusa tu, mguu unaamka," ulisema. Halafu daktari akatueleza kwamba kati ya damu na ubongo kuna ukuta unaorudisha dawa nyingi. Sasa wanatafuta njia za kuupita bila kupasua kichwa. Wengine wanajaribu mawimbi ya sauti, wengine pua, maana juu kabisa ndani ya pua kuna mishipa ya fahamu inayofika kwenye ubongo. Ukanigeukia. "Maman Neema, si ni kama kwenu mpakani, Rusizi ya Pili? Bakikukatalia barrière, unazungukia kule chini!" Mimi, niliyevusha samaki wa sambaza miaka yote na karatasi zangu mkononi! Nikafungua mdomo nijitetee. Ndiyo. Salle nzima ya wagonjwa ikacheka.

Ulipokufa, kitanda chako kilipata mtu siku ileile. Nilikukasirikia, nikuambie ukweli. Uliniacha na watu wasiojua kuchekesha.

Sasa sikia. Daktari yule alinijia nyumbani na habari: Kigali wanaanza kujaribu dawa ya kupuliza puani kwa watu waliopigwa na kiharusi. Bado si tiba. Mpaka sasa waliojaribiwa ni panya wengi na watu wachache. Wengine watapewa dawa, wengine maji ya chumvi, na hakuna atakayejua amepewa nini. Binti yangu Neema akaruka: "Maman, batakufanya panya yabo!" Mimi nikasema ndiyo. Lakini nani angeiamini ndiyo yangu? Daktari akaweka peni chini. Akasema kwa upole kwamba hawezi kumchukua mtu asiyeweza kumkatalia.

Basi nikaanza kuitafuta hapana. Mwalimu wa kusema alinifundisha niiimbe, ha-pa-na, nikijipiga gotini. Nililia. Nilirusha sahani. Usingizini nilikuwa naikimbiza kwako Bugarama, na wewe umekaa ukingoni mwa jaruba la mpunga unaninyooshea kidole: imepita huku, imepita kule! Nikiamka, mdomo mtupu.

Jumapili moja Neema alisahau sukari kwenye chai, akaniuliza kama ni nzuri.

"Hapana."

Mungu wangu! Alikaa chini akalia, kisha akaita majirani. Nikasema hapana mpaka jioni. Mchungaji alikuja, akauliza kama aombe kidogo. Hapana! Maskini, aliomba hivyo hivyo.

Daktari aliporudi nilimkatalia kiti, nikamkatalia maji ya kunywa, halafu dawa ya puani nikaikubali. Safari hii aliandika. Naondoka wiki ijayo. Huenda nitapuliziwa maji ya chumvi tu, na Neema bado amenuna, na mimi mwenyewe naogopa. Lakini nitaenda.

Nakuahidi, mpunga ukivunwa nitateremka Bugarama, binti yako anipeleke ulipolala, nikusimulie yote kwa mdomo. Kwa leo nakuaga, Maman Hadija. Mungu akulaze pazuri.

Jambo moja bado. Asubuhi ile ya mwisho uliniuliza, kwa sauti ndogo, "Maman Neema, uko rafiki yangu?" Nikasema ndiyo. Ukacheka, ukageuza uso, kwa sababu ulijua nasema ndiyo kwa kila kitu.

Sasa hapana ninayo. Niulize tena.