Chumba cha Bibi Kisifunguliwe

Mama,

Nshakwenda Amani kuchukua kipimo kingine cha radoni, ile gesi inayodhuru mapafu. Cha mwanzo hakifai tena, hewa ya nje imeingia. Hiki kipya nikikiweka chumbani kwa Bibi, tafadhali madirisha yabaki yamefungwa.

Asubuhi nimekuta umeyafungua yote, na chetezo cha ubani kinafuka kando ya kipimo, ati chumba kina fukuto. Nilipokwambia gesi hii hutoka ardhini na haina harufu, ukaniuliza, "Kama hainuki, wewe mshairi umeijuaje?" Sichana, badala ya kumtetea kaka yake, akacheka mpaka akakaa chini.

Nimechoka kuchekwa, Mama. Hili si shairi. Ni mapafu ya Bibi, na yeye ndiye anayelala chumba cha chini, kwa kuwa magoti yake hayawezi ngazi.

~~Wali msinibakishie.~~ Nibakishieni, na mchuzi.

Mpaka majibu yatoke, Bibi alale juu, kitandani kwangu. Nshatandika. Ubani mfukizieni huko huko. Akirudi kutoka kwa shangazi mngojeni, nitampandisha mwenyewe mgongoni. Atanitukana kila ngazi. Mwacheni anitukane, pumzi ya kutukana bado anayo, nami nataka abaki nayo.

Mwanao,
Mbarouk