Shati la Mistari

Dada yangu mpenzi,

Watoto wako wazima, wanakula mpaka wanakwaruza sufuria. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu meseji zako mumeo naye anaziona kwenye simu uliyomwachia.

Ile programu ya wachumba uliyonisifia inafaa huko uliko. Huku ilinipa wanaume wa nchi za mbali tu. Nikahamia hii wanayotumia mafundi wenzangu, yenye watu wa mitaa yetu. Niliweka picha ya cherehani, uso nikauficha.

Siku hiyohiyo mwanamume akanichangamkia. Naye kaficha uso, ila shati linaonekana. Ni la mistari, na mfukoni mistari imelala, maana kitambaa ulichotuma kilipungua nikaunga hivyohivyo. Shati hilo nililishona mara moja tu, Dada.

Anasema mkewe alifia ugenini. Anataka tuonane Jumamosi.

Sasa hivi shemeji yuko hapa mlangoni, anasubiri suruali yake. Kaniuliza naandika nini, nikamwambia vipimo.

Ukiisoma hii, mpigie. Usimgombeze, usimuulize kitu. Msalimie tu, aisikie sauti ya marehemu.

Mdogo wako,
Fundi