Kazi Yangu Ilikuwa Kuyatazama Maji

Jumanne, jioni. Ukungu umeshuka Bagamoyo, hii ya kwetu Tukuyu, mpaka duka la jirani silioni. Mama ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nimemwambia ni mafua.

Si mafua. Ninaogopa.

Naogopa tangu Jumatano iliyopita, na leo nimefanya jambo ambalo nilidhani litanipunguzia hofu. Halikunipunguzia. Ngoja niliandike lilivyo kabla sijaanza kulipamba.

Mimi ni katibu wa kuajiriwa wa jumuiya ya watumia maji ya kijiji kimoja kule Lufingo. Kazi yenyewe ni daftari: bomba la nani limepasuka, nani kalalamika, kikao kimesema nini. Wiki iliyopita maji yalikatika kijiji kizima kwa sababu chujio la kwenye chanzo lilizibwa na matope na magogo. Chanzo kiko ndani ya korongo, mto unapita katikati ya mawe makubwa. Tulikwenda watu wanne.

Fundi Ambokile, mzee wetu wa mabomba, ndiye wa kuingia majini. Gwamaka, kijana mwenye nguvu kuliko sisi sote, alishika kamba iliyofungwa kiunoni mwa fundi. Mama Subilaga, mwenyekiti wetu, alisimama ukingoni akipokea uchafu na kutoa amri. Mimi nikapewa filimbi.

"Rehema, mwanangu, panda pale kwenye jiwe," fundi aliniambia. "Hapa hakuna mvua, lakini mlimani hatujui. Kwanza utaona majani mengi. Halafu maji yatakuwa kama chai ya maziwa. Hapo piga filimbi. Usingoje kusikia mlio wa mto. Ukiusikia, umechelewa."

Niliyaandika maneno yake kwenye daftari, nikapanda. Lilikuwa mbali kidogo na wao, juu, kule maji yanakotoka. Moyoni nilikuwa nimenuna.

Nilidhani wamenitoa njiani. Binti wa mjini, wa dukani, jembe halijui, basi akakae juu ya jiwe. Mwanzoni niliyatazama yale maji mpaka macho yakaniuma. Yalikuwa safi, hayabadiliki. Chini niliwasikia wanacheka, Mama Subilaga anamtania Gwamaka. Wenzangu wanafanya kazi, mimi nimewekwa kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani.

Pale kwenye jiwe mtandao unashika.

Nikatoa simu. Nikajipiga picha, filimbi ikining'inia shingoni. Haikunipendeza. Nikapiga nyingine, na nyingine tena. Nikachagua iliyo nzuri, nikaandika "Kazi inaendelea", nikaiweka status. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilipoinua macho, maji yalikuwa ya kahawia na tawi zima la mti lilikuwa linapita chini ya miguu yangu.

Nikapuliza. Mdomo umekauka, filimbi ikatoa hewa tupu. Nikapuliza tena, ikalia. Nikapiga kelele, "Tokeni! Fundi, toka!"

Mto ulimkuta fundi ameshapandisha mguu mmoja juu ya ukuta wa chanzo. Ulimzoa. Gwamaka aliburutwa kwa tumbo mpaka kwenye mizizi ya mti, lakini kamba hakuiachia. Mama Subilaga akajitupa akamshika miguu. Mimi nilishuka nikianguka, nikamshika mama kiuno, tukavuta. Fundi alipotoka alikuwa anatapika maji, na mguu wake wa kulia ulikuwa umekunjika mahali pasipo na goti.

Tulipokuwa tunangoja gari, Mama Subilaga alinikumbatia.

"Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Bila filimbi yako leo tungekuwa tunalia msiba."

Nikaivua filimbi shingoni, nikaitia mfukoni.

Jioni ile nilifungua simu ili niifute ile picha. Nilikuwa sijaiangalia vizuri. Mimi natabasamu, mtandio umekaa sawasawa. Nyuma ya bega langu, maji yameshakuwa kama chai ya maziwa.

Nilikuwa nimeyapa mgongo.

Watu wengi walikuwa wameshaitazama. Hakuna aliyeona. Wote waliniandikia hongera.

Tangu hapo kila siku imekuwa ngumu kuliko ya jana yake. Jumapili kanisani kule Lufingo walimshukuru Mungu kwa ajili ya "yule binti wa Kiislamu". Baba akapata habari sokoni, akarudi dukani ametoa kifua mbele, mteja akija kununua sabuni ni lazima asikie habari zangu. Na keshokutwa, Alhamisi, kuna mkutano wa kijiji. Wameshaninunulia kitenge cha zawadi.

Leo asubuhi nilishindwa. Nikapanda bodaboda mpaka kwa fundi. Alitoka hospitali jana.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti, mguu wenye plasta ameunyoosha juu ya stuli. Mkewe, Mama Lusajo, alikuwa anamenya ndizi. Aliponiona aliacha kisu, akaja kunishika mikono yote miwili, akanimiminia chai kabla sijakaa vizuri. Nusura nigeuze safari iwe ya kumjulia hali tu.

"Fundi," nikasema, "siku ile sikuwa nayatazama maji. Nilikuwa najipiga picha."

Nilisikia sauti yangu mwenyewe kama ya mtoto aliyevunja chungu.

Mama Lusajo aliniangalia. Akasimama, akachukua beseni lake la ndizi, akatoka nje. Hakurudi mpaka naondoka. Ile chai sikuthubutu kuigusa.

"Najua," akasema fundi.

Nilidhani sijamsikia vizuri.

"Niliusikia mto kabla ya filimbi. Kazi hii naifanya tangu sijaoa, mwanangu. Najua kipi kilitangulia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja nione kama utakuja."

Nililia. Hakunibembeleza. Aliniacha mpaka nikanyamaza mwenyewe, kisha akaniuliza, "Unajua kwa nini nilikuweka kwenye lile jiwe?"

"Kwa sababu sina nguvu."

"Nguvu!" Alicheka kidogo, mguu ukamuuma, akaacha. "Nilipokuwa naeleza dalili, Gwamaka alikuwa anafunga kamba, mwenyekiti anahangaika na simu. Wewe uliandika. Nikasema huyu ndiye. Mimi nikishainama ndani ya yale maji sioni kitu. Nilikuwa sina macho mengine ila yako."

Ingekuwa afadhali anitukane.

"Utanisamehe?" nikamuuliza.

"Hilo uje uniulize mguu ukipona." Hakulisema kwa ukali, lakini hakulisema kwa utani pia. "Alhamisi usikipokee kile kitenge kabla hujawaambia. Waambie wewe, kwa mdomo wako, mimi sitakusemea. Halafu kuna jingine. Chujio bado limeziba nusu. Ijumaa anaingia Gwamaka. Watauliza nani atakaa juu. Uwe na jibu."

Nilimpigia simu Mama Subilaga nikiwa bado njiani, nikamwomba anipe nafasi ya kwanza kuzungumza kwenye mkutano.

"Ya kutushukuru?" aliuliza kwa furaha.

"Hapana, mama. Kuna jambo la siku ile."

Nilisikia kuku wake na pumzi zake. "Haya," akasema mwisho. "Utaanza wewe." Hakuniita mwanangu.

Baba bado sijamwambia. Kesho alfajiri, akitoka msikitini, kabla hajafungua duka. Namwona jinsi atakavyosimama na funguo mkononi. Naogopa uso wake kuliko mkutano mzima.

Naandika hapa mtandaoni leo, mahali ambapo watu wanasoma, kwa sababu najijua. Nikilala bila kuiweka hadharani, asubuhi nitaamka na sababu nzuri ya kunyamaza. Ninazo tatu tayari.

Gwamaka ana mke na mtoto wa miezi minne. Ijumaa atainama ndani ya yale maji na hataona kitu. Nimelifikiria jibu tangu natoka kwa fundi mpaka vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na kila nikilishika linateleza. Sijui naogopa lipi zaidi: waseme nisikanyage tena kwenye lile jiwe, au waseme nipande.